Sahani ya Shangazi Lempi

Jumanne, 5 Novemba

Daftari, nisamehe. Dada yangu Helmi alikuleta mwezi wa nne, akaniapisha niandike kila siku. Leo ndiyo siku ya kwanza. Onni ana miezi tisa na meno mawili. Baba yake yuko ziwani kwenye meli za madini mpaka Januari. Mimi sijalala usingizi wa mtu mzima tangu theluji ya mwaka jana. Basi.

Kilichonishikisha kalamu ni hasira. Msimu wa kulungu unafunguliwa Ijumaa ya wiki ijayo, na kibanda cha kuvizia alichojenga marehemu baba kule juu kilimani hakina mwenyewe. Kaka yangu Arvo anakitaka. Mimi nakitaka zaidi. Baba alinibeba mgongoni hadi humo nikiwa na miaka minne, tukala mkate wa nyama na viazi kimya kimya, tusimshtue mnyama.

Msitu ni wa Shangazi Lempi, na neno la mwisho ni lake. Amesema sheria ni ile ile: Jumapili, sahani ya karatasi, yadi hamsini, risasi tano kila mtu. Mimi nikiingiza tatu, kibanda changu. Nisipoingiza, cha Arvo.

Nina bastola ndefu ya baba, ile ya silinda inayozunguka, na darubini ya kufunga juu yake. Arvo akajitolea kunifungia, eti bastola si mwiko wa uji. Nikamjibu kwamba anayemfunga nepi mtoto anayejipindua kama samaki hashindwi na skrubu nne.

Nimefunga. Imekaa vizuri sana!

Jumatano, 6 Novemba

Nimekwenda kujaribu bastola kwenye shimo la kokoto. Onni kabaki kwa Shangazi. Risasi sita kati ya ishirini nilizonazo.

Ya kwanza chini kushoto. Nikazungusha kimoja cha vitufe viwili vya kurekebisha darubini. Ya pili juu kulia. Nikakirudisha. Ya tatu sijui ilikokwenda. Nikazungusha vyote viwili. Ya sita iling'oa jiwe mbali kabisa na sahani.

Arvo alikuwa “anapita tu”, na chupa ya kahawa mkononi. Akauliza nataka kumpiga kulungu au kumzungushia ua.

Darubini mbovu. Hakuna maelezo mengine.

Alhamisi, 7 Novemba

Si darubini, ni mikono. Inatetemeka kwa kubeba mtoto. Nahitaji kitu cha kuegemeza bastola. Arvo ana mifuko ya mchanga, lakini kumwomba siwezi. Nikachukua pakiti mpya ya nepi. Laini, nene, imesimama wima. Akili hiyo!

Kumbe bastola ya silinda hutema moto ubavuni. Bila shaka baba aliwahi kuniambia. Risasi tatu, na pakiti ikapasuka. Pamba ikapanda hewani, ikanitulia kwenye kofia. Nepi kumi na tisa zimeungua.

Arvo, akipita tu tena, aliuliza: “Mama Onni, huyo kulungu ni mchanga kiasi gani mpaka umvalishe nepi?”

Ijumaa, 8 Novemba

Arvo kaja asubuhi, kaweka bisibisi mezani, kaongea na mtoto kana kwamba mimi ni kabati. “Mjomba wangu, mwambie mama yako skrubu zake zinacheza. Azikaze, apake rangi ya kucha zisilegee. Na apige tatu kwanza ndipo aguse kitufe. Si kila risasi anazungusha kama redio.”

Nikangoja gari lake lipotee. Nikafanya yote. Rangi nyekundu, ile ya harusi yangu.

Shimoni nikapiga tatu, zote upande wa kulia wa sahani, lakini zimekaribiana hata kiganja cha Onni kingezifunika! Nikazungusha kitufe kwa hesabu. Kabla sijapiga kuhakikisha, Shangazi, niliyemwachia Onni, akaja na gari akipiga honi: mtoto analia, fizi zimevimba.

Zimebaki risasi nane, na dukani zimekwisha.

Jumamosi, 9 Novemba

Niiamini bastola ambayo sijaihakiki? Sina ujinga huo.

Kesho kila mtu ataenda kuichukua sahani yake mwenyewe, na koti langu lina mfuko mkubwa wa ndani. Onni alipolala nilipigilia sahani kwenye kuni nyuma ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, nikasimama hatua moja tu kutoka hapo. Tatu, zote katikati! Onni aliamka akipiga yowe. Nikambembeleza saa nzima. Nyamaza baba, kibanda ni chetu.

Zimebaki tano. Kamili.

Jumapili, 10 Novemba

Arvo kaingiza nne. Nikapiga zangu tano haraka haraka, kwani matokeo ninayo mfukoni. Nikaenda, nikainama, nikabadilisha. Ile ya kweli hata sikuitazama.

Shangazi akaishika sahani yangu juani. Akainusa. Akapitisha kidole, kikatoka cheusi. Kila tundu limezungukwa na madoa ya baruti kama pilipili manga.

“Mwanangu,” akasema, “yadi hamsini, na baruti imeisindikiza risasi mpaka mlangoni?”

Arvo ilibidi akae kwenye theluji kwa kucheka.

Jumatatu, 11 Novemba

Onni amechokoa mfuko wa koti, katoa sahani ya kweli, anaitafuna ukingo. Nikamnyang'anya. Matundu manne! Safi, hayana doa.

Nikakimbia nayo kwa Shangazi. Akainusa, akapitisha kidole, kikatoka safi. Akasema, “Hii ni ya kweli. Basi jana baba yako alikupa kibanda, na wewe ukakificha kotini.” Akaamua wiki ya kwanza ni ya Arvo. Jumapili ya tarehe 24 nitapiga tena, na safari hii atazitia sahani sahihi yake kwa wino wa kijani.

Nililia kidogo, mtoto akanifuta uso kwa mkate.

Bastola inapiga sawasawa, najua sasa. Lakini mtu haendi kichwa kichwa. Helmi, nakuchania ukurasa huu. Nitumie kabla ya tarehe 22:

Nepi saizi ya tatu, pakiti mbili.
Dawa ya fizi.
Risasi za bastola ya baba, boksi moja.
Sahani za karatasi zenye ukingo wa bluu, kama za Shangazi.
Kalamu ya wino wa kijani.
Kitoboleo cha ngozi, cha milimita kumi na moja, sawa na tundu la risasi. Hicho hakitoi moshi.