Ombi la Kuyakataza Maji Yasibomoe Jiwe

Kolwezi, Machi 1993

Kwa Mheshimiwa Tata Kalumba,
Prezida wa Kamati ya Wenyeji wa mtaa wetu.

Tata Prezida,

Nakusalimu kwa heshima zote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu wako umepona, na sauti yako imerudi baada ya kazi kubwa uliyoifanya na kipaza sauti majuma yale. Sisi huku hatujambo, ila tunashindwa. Tunashindwa vibaya sana, Tata Prezida, na anayetushinda ni binti yako.

Mimi ni Banza Barnabé, karani wa ghala la vipuri katika kampuni ya migodi. Nasema karani kwa sababu sijaachishwa kazi, ni vile tu ghala halina vipuri na kampuni haina mishahara. Ni katibu pia wa Klabu ya Mazimwi ya ukumbi wa parokia. Najua una shughuli nyingi, kwa hiyo naeleza kwa ufupi. Pale ukumbini kuna televisheni, na chini yake kuna mashine ndogo ya michezo, iliyofika hapo kwa njia ambayo haihusu barua hii. Ndani ya mashine kuna kasete, na ndani ya kasete kuna mazimwi. Mchezaji huchagua mazimwi sita, mwenzake huchagua sita, nao hupigana kwa zamu mpaka upande mmoja ulale chini wote. Maandishi yake ni ya nchi ya mbali; Padri Louis alijaribu kuyasoma, akaishia kuyabariki. Basi mazimwi tuliwapa majina sisi wenyewe. Tangu mishahara ilipokatika, makarani wote wa ghala, wa hesabu na wa usafirishaji tunakutana pale kila umeme ukiwapo, na kusema kweli hatujawahi kuchapa kazi kwa bidii namna ile.

Timu yetu ilikuwa na Kabwe wa jiwe. Nzilo wa maji, ambaye ni kobe tuliyempa jina la ziwa letu. Tanuru wa moto. Sombe wa majani. Radi wa umeme. Na Kilulu, mdudu mwenye mabawa. Aliyeipanga ni Mulumba wa ofisi ya hesabu, kocha wetu. Maji hubomoa jiwe, majani hunywa maji, moto huunguza majani, jiwe huponda moto. Kwa hiyo Mulumba alihakikisha kila mmoja ana mwenzake wa kumkinga. Alikuwa anasimama nyuma ya benchi akinipigia kelele: "Kabwe akiona mayi, umutoe mbio, uingize Sombe. Usingoye akufe njo uniite." Tukawapiga watoto wa parokia kila Jumapili mpaka wakawa wanatuamkia wakiwa mbali.

Kisha likatoka tangazo lako. Lilibandikwa hata mlangoni mwa ukumbi: kila ofisi, kila kwaya, kila chama na kila timu iwe ya wenyeji watupu, wageni warudi kwao. Mimi ni mtu wa kutii maandishi. Nilisoma neno "timu", nikajua wajibu wangu ni nini. Malalamiko yangu basi ni haya yafuatayo.

1. Tulitii, na hakuna aliyetushukuru. Mulumba aliondoka ukumbini siku ile ile, kwa kuwa baba yake aliletwa na kampuni kutoka Kasai. Yeye mwenyewe alizaliwa Musonoi, hapa hapa Kolwezi, na Mwene-Ditu ya huko Kasai hajawahi kuiona hata kwenye kalenda. Mimi niliyeshuka treni hapa kutoka Malemba, mbali lakini mkoa huu huu, nikiwa na ndevu zangu tayari, nikabaki kuwa mwenyeji. Sihoji hesabu za Kamati. Nasema tu kwamba siku nilipofika, aliyenionyesha mlango wa ofisi ya ajira alikuwa Mulumba, na bila yeye huenda ningekuwa bado naulizia njia.

2. Baada ya kocha tuliwageukia mazimwi wenyewe, na tulifanya uchunguzi wa haki kabisa. Nzilo ilionekana alitoka kwenye bahari ya upande wa pili wa ramani, tukamtoa. Tanuru alishuka kutoka mlima wa moshi, tukamtoa. Radi alitokea hewani na hakuweza kujieleza. Sombe ana mizizi, jambo lililotutia moyo sana, lakini mizizi yenyewe ikawa ya msitu wa mbali. Halafu kukawa na suala la Kilulu. Vijana wako wa kipaza sauti walikuwa wanawaita majirani zetu bilulu, yaani wadudu, kwa hiyo huyo tulimwandalia safari kabla ya wengine wote. Tulipochunguza tukakuta amezaliwa pangoni, katika kijiji cha kwanza kabisa cha mchezo. Tulimwomba radhi, akabaki. Nafasi zilizokuwa wazi tukazijaza na mazimwi wa jiwe, kwa kuwa jiwe ndicho kitu ambacho mkoa wetu haujawahi kupungukiwa.

3. Timu ya wenyeji watupu ilicheza mechi yake ya kwanza Jumapili iliyofuata. Mechi ilikuwa fupi kuliko sala ya kuifungua. Binti yako Falonne, ambaye akikaa kwenye benchi miguu haifiki chini, alimtoa kobe wa maji. Nilimtambua palepale kuwa ni Nzilo. Lazima nieleze kwamba mchezo huu una desturi yake: zimwi ukimfukuza, hurudi kwenye bwawa la mwanzo wa safari, na yeyote anayepita hapo anaweza kumchukua. Falonne alikuwa amepita. Nzilo akammwagia maji Kabwe, kisha na ndugu zake wote mmoja mmoja. Nilipoona anavyotulia kidogo kabla ya kumwaga, vile vile Mulumba alivyomzoesha, moyo uliniuma. Kilulu aliunguzwa na Tanuru, ambaye naye alikuwa kwa Falonne. Sombe na Radi hawakuitwa hata kucheza, walikuwa wamepumzika tu pembeni kwa Falonne.

4. Nilimwendea mtoto kwa upole nikamtaka arudishe mali ya klabu. Akanijibu: "Tata Banza, mi sikuiba. Nilibakuta ku bwawa, beko peke yabo." Tata Prezida, mtoto huyu analala kwako, anakula kwako, na anaokota waliofukuzwa. Sina la kuongeza hapo. Nilirudi nyumbani nikitegemea mke wangu Odile atanihurumia. Yeye alisema, "Mulifukuza mayi, sasa munashangaa nini?" kisha akaendelea kuchekecha unga wake.

5. Kwa sababu hizo naomba Kamati itoe tangazo jipya, kwamba kuanzia sasa maji yasibomoe jiwe. Ikiwa tangazo la kwanza liliweza kumgeuza mtu wa Musonoi kuwa mtu wa Mwene-Ditu kati ya asubuhi na mchana, sioni kwa nini maji yashindikane. Libandikwe chini ya televisheni, lisizibe picha. Maji yakikaidi, vijana waje na kipaza sauti chao wayaambie yarudi kwao, ingawa hapo pia sina hakika ni wapi, kwa sababu mvua ya hapa inaonekana kutoka upande wa Mutshatsha.

6. Jambo jingine, na hili naliandika kwa masikitiko. Baada ya kushindwa mara ya tatu, Padri Louis alishauri tutazame mwanzo wa mchezo, ule ambao siku zote tulikuwa tunauruka kwa haraka ya kupigana. Tuliutazama wote. Anaonekana mwanamume mwenye kofia akishuka kwenye treni, na kwapani amebeba yai. Yai likaanguliwa, akatoka Kabwe. Kabwe wetu, Tata Prezida, wa jiwe, tuliyempa jina la jiwe dogo la kwetu. Aliletwa na treni. Ndugu zake wa jiwe tukakuta walifuata kwa treni iliyokuja nyuma. Kwa hiyo, tukilishika tangazo lako neno kwa neno, timu halali ya makarani ina mchezaji mmoja tu, naye ni Kilulu. Anajitahidi. Lakini mchezo unataka sita, na akiwa peke yake televisheni inatoa mlio wa kulalamika mpaka tuizime.

7. Nafika sasa kwenye ombi langu kubwa, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mulumba yuko stesheni. Yuko huko na mkewe mama Tshibola na watoto wao, chini ya turubai, pamoja na watu wengi ambao nilikuwa nawaona kila siku kwenye foleni ya mkate, wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai, inayosemwa kila asubuhi kuwa imeshafika Tenke. Nilimfuata huko kumwomba ushauri kuhusu mechi ya Jumapili ijayo, kwa sababu tumewekeana sharti na watoto: watakaoshindwa watafagia ukumbi mwaka mzima. Nilimkuta amechora mazimwi wote kwenye vipande vya boksi, na nusu ya watu wa stesheni wamekaa chini wanacheza. Mzee mmoja alikuwa anagombana na mjukuu wake juu ya Sombe. Nilipomsimulia habari ya Kilulu kuwa ndiye mwenyeji pekee, Mulumba alicheka hadi akajishika mbavu, akacheka mpaka mama Tshibola akatoka chini ya turubai kuuliza kuna habari gani njema. Baadaye Mulumba aliniuliza kama Radi bado anaogopa kuanza mechi.

Sasa tazama hoja yangu. Kampuni yetu ilikuwa na wageni kutoka Ulaya tangu siku ya kwanza, na mgeni wa kampuni alikuwa na haki zake zinazojulikana. Alipewa nyumba kubwa yenye bustani upande wa mainjinia, jokofu, gari, na tikiti ya likizo kila mwaka kwenda kwao. Hakuna kamati iliyowahi kumwambia amekula kazi ya mtu. Kamati yako imethibitisha kwa maandishi, na kwa muhuri, kwamba Mulumba ni mgeni. Basi naomba apewe haki za mgeni. Zile nyumba ziko wazi tangu wenyewe walipokimbia mwaka wa uporaji. Apewe moja, ikiwezekana yenye mwembe usiozaa sana, maana mama Tshibola hapendi nzi. Apewe jokofu, hata kama umeme ni wa kubahatisha. Mtunza bustani nipo mimi, na sitadai mshahara, kwa vile nimeshazoea. Na kila mwaka apewe likizo ya kwenda kwao, yaani Musonoi, ambako atafika kwa miguu bila kuigharimu kampuni kitu. Akishakuwa mtaalamu mgeni, tangazo lako halitamgusa, naye atarudi nyuma ya benchi letu akiwa na cheo kikubwa kuliko zamani.

Kusema kweli, Tata Prezida, ninamkumbuka mno. Tumekaa meza zinazotazamana tangu ujana wetu, tukibishana juu ya kila kitu, na sasa nikikosea hakuna anayenipigia kelele. Makarani wenzangu wananiachia nipoteze kwa adabu. Siwezi kuzoea.

Kwa haya machache naweka kalamu chini, nikitarajia jibu lako kabla ya Jumapili. Nisalimie mama Blandine na nyumba nzima, wajumbe wote wa Kamati, na vijana wa kipaza sauti, waambie wanywe maji ya vuguvugu kwa ajili ya koo. Nisalimie jirani zako wa kushoto kama bado wapo. Falonne pia msalimie, ila kwa kiasi, maana ni mpinzani.

Wako mtiifu, na mwenyeji kwa mujibu wa tangazo,

Banza Barnabé
Katibu, Klabu ya Mazimwi

Nyongeza. Tafadhali usiyajali yote niliyoandika hapo juu. Nilipokuwa natafuta bahasha, Odile alikuja mbio kuniambia treni imefika. Nikakimbia na barua mfukoni. Nilimkuta Mulumba amekwishapanda, amesimama mlangoni mwa behewa la mizigo na mtoto begani. Hakuniuliza habari za mechi. Alisema, "Banza, mashine yangu." Mwanzoni niliandika kwamba njia iliyoifikisha mashine ukumbini haihusu barua hii, sasa inaihusu. Ni mali yake. Aliachiwa na injinia mmoja aliyekimbia mwaka ule wa uporaji, akatuazima sisi, kwa kuwa yeye hakuwa na televisheni na hakupenda kucheza peke yake. Nilikuwa nageuka niifuate ukumbini, nikamwona Falonne anapenya katikati ya watu, ameibeba kichwani ndani ya kitenge cha mama yake. Mama Blandine anisamehe, kitenge kimekwenda. Mtoto alimpa Mulumba mashine kwa mikono miwili, akamwambia wote wamo, na Nzilo ameshakula. Nikaona aibu kurudi mikono mitupu, nikamwomba Mulumba atuachie walau Kilulu, mwenyeji wetu. Akaniambia, "Kasete iko moya tu, Banza. Utaikata na nini?" Tukaanza kucheka wote wawili, na treni ilipoondoka nilikuwa bado nacheka, nikijifuta macho. Ukumbini tumebaki na televisheni na benchi. Falonne amekaa pale tangu mchana, miguu haifiki chini, anauliza Jumapili watacheza na nani. Wewe ndiye baba yake, mweleze.