Bado Mara Moja

Jumatatu, 12 Januari

Daktari amesema mifupa yangu inapungua nguvu. Miaka hamsini na nane tu! Anataka nitembee nusu saa kila siku, tena na mwenzangu, ili nikianguka pawe na wa kuniokota. Akauliza kama ninaye. Nikasema ninaye. Uongo mtupu.

Nilikuwa naye. LaVonne. Miaka kumi na tisa tumezunguka jumba la maduka kila asubuhi ya baridi, kabla maduka hayajafunguliwa. Mizunguko sita, halafu kahawa. Hedhi ilipokoma na lile joto likaanza kunipanda, yeye ndiye aliyekuwa akinishikia koti. Nilipopiga chafya nikajilowesha mbele ya duka la viatu, alicheka mpaka naye akajilowesha. Mtu kama huyo unampata wapi tena?

Septemba alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Novemba, alipopona, akaniuliza kama turudi kutembea. Nikasema hapana, asijisumbue. Akauliza tena. Nikasema la, aende tu, mimi sijambo. Nikangoja ya tatu. Hapa kwetu Minnesota kila mtu anajua kwamba mwenye adabu hukataa mara mbili, ya tatu anapokea. Mama alinifundisha nikiwa na miaka minne, kwa biskuti.

Ya tatu haikuja! Sasa anatembea na Marcella.

Marcella amehamia hapa kutoka New Jersey. Ukimkaribisha kahawa anasema ndiyo papo hapo. Mara ya kwanza! Haoni hata haya.

Duane anasema si nimpigie simu LaVonne nimwambie nataka kutembea naye. Wanaume! Miaka thelathini na tatu ya ndoa na bado mtu hajui adabu.

Jumatano, 14 Januari

Nimepata dawa yake. Wote pale madukani huzunguka upande mmoja. Mimi nikizunguka kinyume, tutakutana mara mbili kila mzunguko. Mizunguko sita, nafasi kumi na mbili za kuulizwa. Hesabu safi kabisa.

Mara ya kwanza LaVonne aliinamisha kichwa kunisalimu. Ya pili akasema baridi imezidi. Ya tatu akafungua mdomo, nikaona kabisa anataka kusema jambo. Marcella akamwahi. Akapaza sauti hadi kwenye duka la miwani: wee mama, unakwenda kinyume, umepotea? Wazee wawili wakacheka. Nikajibu kwamba daktari ndiye aliyeagiza. Akaniuliza daktari gani huyo.

Mara ya tisa joto likanipanda. Likapanda vibaya! Nikavua sweta huku natembea, kichwa kikanasa, nikagonga benchi kwa goti. Nilipotokeza kichwa walikuwa wamekwisha kukaa kwenye kahawa. Meza yetu. Kiti changu.

Nilikunywa yangu ndani ya gari. Sukari niliisahau, maana siku zote LaVonne ndiye anayenitilia.

Ijumaa, 16 Januari

Mpango mpya, huu haukosei. Nimeoka nyama ya kusaga na viazi kwenye bakuli langu la bluu, lenye jina langu kwa chini. Nikaliacha mlangoni kwa LaVonne, nikakimbia. Bakuli la mtu halirudi tupu, na halirudi kwa mkono wa mwingine. Kwa hiyo lazima aje. Akija atakaa. Akikaa ataniuliza.

Usiku nililala madirisha wazi, shuka zimeloa jasho. Duane alilala na kofia ya sufu. Zamani asubuhi ningemsimulia LaVonne habari ya kofia, naye angelia kwa kicheko. Leo nimeisimulia shajara. Haicheki.

Jumapili, 18 Januari

Bakuli limerudi. Kaleta Marcella! Tupu. Limeoshwa, linang'aa, ndani hamna hata tofaa moja. Nikalipokea kama mtu aliyepewa kiatu cha marehemu.

Akasema LaVonne ana mafua, ameshukuru sana. Kisha, akiwa bado kasimama kwenye theluji, akauliza waziwazi kwa nini nilimkataa mwenzangu. Eti LaVonne alihuzunika, alitaka kunirudia mara ya tatu, na Marcella ndiye aliyemzuia. Alimwambia mtu mzima akisema hapana ni hapana, usimkere.

Kumbe ni yeye!

Halafu akasema: basi njoo tutembee wote, bibie, shida iko wapi? Nikasema hapana, nisiwasumbue. Akasema haya, akapanda gari, akaondoka.

Haya! Mtu unaambiwa hapana unajibu haya?

Jumanne, 20 Januari

Nimeanguka.

Saa moja asubuhi joto lilinishika jikoni. Nikatoka nje na gauni la kulalia, nyuzi ishirini chini ya sifuri, kuchukua gazeti. Raha iliyoje! Nilisimama pale natoa moshi kama sufuria. Sikuiona barafu. Duane alinikuta chali, gazeti kifuani.

Kifundo cha mkono kimevunjika. Daktari alipomaliza kunifunga akauliza yule mwenzangu alikuwa wapi. Nikasema alikuwa na shughuli. Nikalia kidogo. Nikasema ni mkono unauma.

Jumatano, 21 Januari

Amekuja! LaVonne mwenyewe, pua nyekundu kwa mafua, na supu ya mchele mwitu. Akanitilia sukari kwenye kahawa bila kuniuliza. Nikamsimulia kofia ya Duane. Akacheka mpaka akakimbilia msalani, mimi nyuma yake, na choo ni kimoja.

Tulipotulia akasema amenikumbuka sana. Akasema Marcella ni mtu mwema, lakini hajui kicheko chetu. Akasema yuko tayari kunipitia kila asubuhi, nimshike mkono, tuende polepole, mimi na mifupa yangu, yeye na nyonga yake.

Nikasema hapana, atachoka bure.

Akaniangalia. Akasema hachoki, anataka. Twende, mwenzangu.

Nikasema la, asijisumbue kwa ajili yangu.

Alishika koti lake, hakulivaa. Nilimwona anapigana na yule Marcella kichwani mwake. Nikamtazama kwa macho yote niliyo nayo. Akalivaa koti. Akanibusu shavuni, akasema nijitunze.

Duane alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akaniita jina langu lote, na la baba yangu. Nikamwambia atulie. Mbili zimekwisha, bado moja tu.

Alhamisi, 22 Januari

Saa moja na nusu asubuhi. Nimekwisha kuvaa. Viatu vya kutembea, kamba Duane amenifungia.

Gari la LaVonne limesimama mbele ya nyumba! Kapiga honi. Yuko peke yake, kiti cha kando kitupu, amekiondolea vitu ili mtu akae. Siku mpya huanza hesabu mpya, kwa hiyo nikampungia mkono ulio mzima: nenda, nenda, usichelewe. Akapiga tena, ndefu. Nikampungia tena.

Taa za nyuma zilikaa zinawaka kwa muda. Kisha akaondoka polepole, mpaka kona ya kanisani, akapotea.

Duane ametoka kwenda karakana, kafunga mlango kwa nguvu.

Nimevuta kiti dirishani. Koti sijalivua. Ninavyomjua LaVonne, atazunguka mtaa arudi. Mbili kashatimiza.