Kompyuta ya Biro

Jumatatu, 3 Juni
Dharau! Prefe Rémy, mkuu wa shule, amepita dukani kwangu hapa Kimanga kutafuta wa kuchapa mitihani ya shule yake nzima. Ameitazama kompyuta yangu mpya, nyembamba, inayong'aa kama samaki mukeke mbichi. Eti hiyo ni ya kutazamia filamu nyumbani. Anataka ya biro, ya ofisini: nene, nyeusi, zile ambazo mashirika huuza yakifunga miradi. Kisha akavuka barabara, akaingia kwa Gloriose, mpinzani wangu! Kompyuta ya yule mama imeanguka kwenye pikipiki mara mbili na bado inachapa. Haina hata aibu.

Nikikosa mitihani hii, nafunga duka.

Jumanne, 4 Juni
Akili ni mali. Nimenunua rangi nyeusi ya mlango, nimeipaka kompyuta yote, sijaacha hata vitundu vya pembeni. Juu nimeandika namba nyeupe, kama mashirika yanavyoandika kwenye viti vyao: UV/047. Mke wangu Furaha ameuliza kama vile vitundu havikuwa na kazi. Nimemwambia biashara ina wenyewe.

Jumatano, 5 Juni
Prefe ameona namba, amenipa nusu ya mitihani! Anaitaka Ijumaa asubuhi. Gloriose ameichungulia kompyuta yangu, akacheka peke yake. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Juni
Hujuma! Saa nne, katikati ya jiografia, kompyuta imechemka kama sufuria ya bugali, ikatoa moshi, ikazima. Fundi amesema imekosa pumzi, imekufa. Nimemjibu kuwa kitu kinachokufa kwa rangi kidogo hakikupata malezi. Bahati, mitihani iko kwenye flashi.

Mara Gloriose huyu hapa, na kompyuta yake ya pili, ya biro kweli. "Kamata, papa Tariki. Batoto iko nangojea mitihani." Huruma ya mpinzani! Nimeipokea kwa hasira. Mchana nimeiangusha chini, kwa bahati mbaya. Ikaendelea kuandika. Inaudhi sana.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi. Umebaki mtihani mmoja, prefe anakuja saa mbili. Lakini nitampokeaje na lichuma hili lenye mikwaruzo? Atajua nimeazima kwa Gloriose! Nimepata dawa. Nimelipaka rangi ya fedha, lote, hadi vitundu vya pembeni. Limependeza kuliko lile lake jingine. Shida ni moja, rangi haijakauka. Nimeliwasha, ili joto lake likaushe upesi.