Jetski ya Ardell na Jirani Mjuaji

Jumamosi, 19 Oktoba

Baridi ya kutoboa mifupa. Mke wangu Marlys kanikumbusha tena kuiandaa jetski, hii pikipiki ya majini, kabla ya barafu. Kama vile nimezaliwa jana! Mashine ni yake, aliachiwa na kaka yake Ardell, Mungu amrehemu. Maji yakiganda ndani ya injini, chuma kitapasuka kama yai. Najua. Hapa Minnesota hata mbwa wanajua.

Natafuta mpira wa maji, mara huyo, Pelkonen, jirani. Nani kamwita? Kabeba galoni ya dawa ya rangi ya waridi, ile ya kuzuia injini isigande. Kanipa na mhadhara: nisafishe injini kwa maji ya bomba, ila niwashe kwanza ndipo nifungue maji, nikimaliza, nifunge maji kwanza ndipo nizime. Kisha nipitishe dawa. Mhadhara uani kwangu, juu ya mashine ya shemeji yangu! Nimemshukuru huku nimeuma meno. Galoni nimeisukumia nyuma ya kuni.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimefungua maji kwanza. Makusudi. Pelkonen alikuwa anakusanya majani makavu upande wake, nikataka aone.

Kaona. Nilipobonyeza kitufe injini iliguna, ikanyamaza. Imemeza maji hadi kooni. Nikang'oa plagi za injini, nikabonyeza tena. Maji yakaruka kwenye matundu yote, yakanipiga usoni, miwani ikaenda zake. Pelkonen hakucheka, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alisema tu, kwa upole, nitie oili ndani upesi kabla ya kutu. Nimetia. Lakini nilingoja kwanza aingie kwake.

Jumanne, 22 Oktoba

Maji bado yamo kwenye mabomba ya injini. Dawa yake siitumii ng'o. Nimechukua kifyonza vumbi cha Marlys nikayavuta. Kimevuta kidogo, kikakohoa, kikatoa moshi, kikafa. Nimekirudisha kabatini kimya kimya.

Mpango wa pili ni bora: blanketi la umeme. Nimeifunika injini, nimechomeka. Mashine italala kwa joto kuliko mimi, maana blanketi lenyewe ni la kitanda chetu. Marlys kauliza liko wapi. Nikasema liko kwa dobi. Hatujawahi kuwa na dobi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimeamka, nje kumeganda kote. Nimekimbilia gereji. Fyuzi imekatika, blanketi baridi kama maiti. Nikaingiwa na hofu ya kweli: Ardell alimwachia Marlys kitu kimoja tu, nami ndiye wa kukiangalia. Nikainama. Chini ya injini, matone ya ile dawa ya waridi!

Mtu kaingia gereji yangu. Nikaenda kwa Pelkonen nikagonga mlango kwa ngumi, matusi yamejaa mdomoni. Aliyefungua ni Marlys, kikombe cha kahawa mkononi.

"Mimi ndiye niliyemwomba," akasema. "Jana, ulipokwenda mjini. Mashine ile Ardell alinifundishia kuendesha, Verlyn. Nisingekaa nikitazama unaipasua kwa kiburi."

Pelkonen akanivutia kiti, akanimiminia kahawa. Akasema injini ni nzima, maji yote yametoka. Nimekunywa kwa hasira. Kahawa ilikuwa nzuri, jambo baya zaidi.

Jumapili, 1 Desemba

Ziwa limeganda. Marlys kanisamehe kifyonza. Blanketi bado, linanuka petroli.

Nimetafakari sana juu ya yale ya Oktoba na kosa langu nimeliona: nilifanya mambo mbele ya jirani.

Leo Pelkonen kapita akimwonya kila mtu kwamba barafu ingali nyembamba. Anayetaka kutoboa barafu avue samaki aende kwa miguu, gari lisiguse hata ukingo. Na wakati anasema hivyo ananitazama nani? Mimi!

Kesho asubuhi anampeleka mkewe kwa daktari wa meno. Nimeshapakia ndoana, kiti na themosi nyuma ya gari. Nikifika katikati ya ziwa nitapiga honi.