Gari Lenye Akili za Kujizima

Jumatatu, 14 Julai 2025. Ngara mjini.

Gari langu limefika! Dogo, jeupe, la Kijapani, na lina akili. Ukisimama ukakanyaga breki, injini inajizima yenyewe. Ukiachia breki, inawaka yenyewe. Mafuta hayapotei bure. Kuna kitufe chake maalumu, herufi A imezungukwa na mshale. Nimewaonyesha madereva wote kijiweni, mmoja mmoja, hata waliokuwa wanakula.

Abbasi, dereva mwenzangu wa kijiweni, ana wivu. Gari lake limezeeka na linatoa moshi kama tanuri la matofali. Akauliza mbele za watu: Idefonsi, Ngara nzima hatuna taa za barabarani, hilo gari lako litajizimia wapi? Wakacheka. Mwenye gari la akili habishani na moshi.

Nyumbani hali si shwari. Ili hela ya gari itimie nilimuuza ng'ombe wa Melania, yule aliyepewa na kaka yake Nduwayo wa Murusagamba alipojifungua Aline. Nilimwahidi mke wangu kwamba Krismasi haitafika zizi likiwa tupu. Zamani aliniita Baba Aline. Siku hizi ananiita dereva.

Lakini mambo yatanyooka. Mama Eustakia, mwenyekiti wa chama cha wakulima wa kahawa, anatafuta gari la kukodi mwaka mzima. Ni mimi au Abbasi. Jumamosi tunashindanishwa: tunajaza matangi pomoni hapa mjini, tunakwenda Rulenge na kurudi, tunajaza tena. Atakayeongezewa mafuta kidogo ndiye mwenye kazi. Nikiipata, ng'ombe amerudi.

Jumanne, 15 Julai.

Mazoezi. Nimekwenda Murgwanza na kurudi. Injini haikujizima hata mara moja, maana hakuna kilichonisimamisha. Hata kuku walinipisha. Inaniuma, lakini Abbasi alisema kweli.

Nimekaa nikafikiri. Injini ikijizima, mafuta yanaokolewa. Injini inajizima gari likisimama. Kwa hiyo anayesimama mara nyingi zaidi ndiye anayeokoa zaidi. Wazi kabisa! Nashangaa Wajapani hawakuliandika hili kwenye kitabu cha gari. Au labda wameliandika. Kitabu ni cha Kijapani.

Nimemweleza Melania. Akauliza, kama gari linaokoa mafuta likisimama, kwa nini sikuliacha limesimama hukohuko Japani. Mke wangu ni mtu mwema lakini injini hazijui.

Alhamisi, 17 Julai.

Nilikuwa natafuta sababu ya kusimama barabarani bila kuonekana mwehu. Nimeipata! Salamu! Huku kwetu mzee hasalimiwi kwa kupungiwa mkono dirishani. Unasimama, unatoa shikamoo, unaulizwa habari za nyumbani, watoto, migomba, mvua, na majirani wote waliougua. Dakika tano ni salamu fupi. Na muda wote huo injini yangu imelala! Adabu na mafuta kwa pamoja.

Nikaanza na Mzee Bulugu, anayechunga ng'ombe wake kando ya barabara ya Rulenge. Shikamoo, marahaba. Injini kimya. Mzee akakunja uso, akasema pole mwanangu, limekufia? Nikaeleza kwamba limejizima kwa akili zake. Akanitazama kwa huruma, akawaita wapita njia saba waje kusukuma. Nikapiga kelele kwamba halihitaji. Hakuna aliyesikia, wote walikuwa wanahesabu moja, mbili, tatu. Nikaachia breki, injini ikawaka. Wakashangilia! Kila mmoja aliamini ni mikono yake. Nimewanunulia soda saba, na ya nane ya Mzee Bulugu kwa usimamizi.

Nikirudi nikamsalimia tena, maana nilitaka kuokoa mafuta mara ya pili. Akawaita walewale.

Ijumaa, 18 Julai.

Asubuhi gari limewaka kwa kukohoa. Nimekwenda kwa fundi Anuar. Akafungua boneti, akacheka peke yake. Anasema gari la namna hii lina betri yake maalumu, imara, na aliyeniuzia ameiondoa akaweka betri ya kawaida. Kila injini inapojizima na kuwaka, betri hii inachoka. Anasema mfumo wa kujizima unafaa mijini kwenye foleni ndefu, huku kwetu hauna faida. Nibonyeze kitufe, niuzime mfumo, niendeshe taratibu bila kusimama. Anasema nitamshinda Abbasi mapema tu.

Nimemshukuru sana. Ni dhahiri Abbasi amemnunua.

Jumamosi, 19 Julai.

Siku ya mashindano. Mama Eustakia alipanda kwangu mwenyewe, amevaa kitenge chake cha mikutano. Karani wake akapanda kwa Abbasi. Tukaondoka pamoja. Baada ya hapo sikumwona Abbasi tena, mpaka alipokuwa anarudi. Sisi tulikuwa bado tunakwenda.

Nimesalimia wazee thelathini na mmoja. Mama Eustakia mwanzoni alisifu malezi yangu. Kwa mzee wa kumi alitazama saa. Kwa mzee wa ishirini alisema baba, huyu si mzee, huyu ni mwanafunzi. Nikasema heshima haina umri. Kwa Mzee Bulugu timu ilikuwa tayari imejipanga na mmoja alileta kifungua soda.

Rulenge tukafika saa nane. Tukageuza. Hatukumaliza kilomita moja, nikamwona bibi mmoja na jembe begani. Nikasimama, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu. Nikaachia breki. Kimya. Nikakanyaga, nikaachia. Kimya. Nikawasha kwa ufunguo. Tik! Basi.

Wakaja wasukumaji. Wamesukuma mpaka jasho, Mama Eustakia naye akiwemo, kitenge chote vumbi. Bibi akaweka jembe chini akasukuma. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Hilo sikuwa nalijua.

Abbasi alikuwa amesharudi mjini, amejaza tangi, amekunywa chai. Tulipochelewa akaja kututafuta. Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akanifunga kamba, akanivuta mpaka sheli ya Ngara mjini.

Hapo nikadai haki yangu: nijaziwe! Mhudumu akajaza. Mafuta yaliyoingia kwangu ni kidogo kuliko ya Abbasi! Nikaruka, nikapiga kelele nimeshinda, nimeshinda! Mama Eustakia akajipangusa vumbi, akaenda kumpa Abbasi mkono.

Jumapili, 20 Julai.

Melania hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliandaa chai ya rangi, akamwambia Aline maziwa hakuna, na Aline akauliza ng'ombe anarudi lini. Melania akasema muulize baba yako. Nimeona aibu, naandika ukweli. Chai yenyewe sikuimaliza.

Jumatatu, 21 Julai.

Mama Eustakia amekuja mwenyewe asubuhi, Melania akiwa shambani. Anasema safari za Murusagamba ni nyingi, Abbasi hatazimudu peke yake, naye Abbasi ndiye aliyenitaja. Niweke betri ya kufaa, nizime kile kitufe, nisisalimie mtu yeyote njiani, nianze kazi mwezi ujao. Kwa malipo hayo ng'ombe angepatikana mwezi wa kumi.

Nimemkatalia kwa heshima. Kwani sheli ilionyesha nini? Gari lililovutwa halikunywa chochote! Siri yote iko kwenye kuvutwa. Nitamwendea Abbasi leo leo: anivute kila siku, mimi nipakie abiria bila kuchoma hata tone. La kwake litakunywa zaidi, lakini hilo ni la kwake.

Kinachokosekana ni mnyororo wa chuma. Biharamulo kuna fundi anao, yuko tayari kubadilishana na cherehani. Melania anayo moja, na leo atakuwa shambani mpaka jioni.