Mtambo Usiojua Haki ya Ndama

Uwanja wa Malori,
Garissa.
Jumatano.

Kwa Mkurugenzi wa Huduma,
Kampuni ya Theluji Njema,
Nairobi.

Ndugu Mkurugenzi,

KUH: UCHOYO WA MTAMBO WENU WA BARIDI

Assalaam aleikum. Ninakuandikia nikiwa na afya kamili na hasira iliyopimwa. Mimi ndiye msimamizi wa lori linalopeleka Nairobi maziwa ya ngamia ya akina mama wa hapa. Lori hilo mmelifungia mtambo wa baridi wenye tabia mbili: njiani hutumia dizeli, na lori likiegeshwa huchomekwa kwenye umeme wa uwanjani. Tabia ya kwanza sina neno nayo. Ya pili ndiyo itakayonitoa kazini, kwa kuwa Hajia Abshiro, mwenyekiti wa akina mama hao, amenitamkia mbele ya watu: "Waryaa Bishar, nakupa maziwa mabichi, unanirudishia susa, maziwa yaliyochacha! Yakiharibika tena kabla ya Ijumaa, nayahamishia kwa lori la mshindani wako Kadar. Wewe ubaki kusafirisha upepo."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtambo ni mnafiki. Barabarani unanguruma hadi Mwingi bila kupumzika. Ukichomekwa umeme hapa uwanjani, unaguna kama mkwe anayemwitikia mama wa mkewe, kisha unajizima na kuwasha taa nyekundu.

2. Mtambo hauchunguziki. Nilifuata maelekezo yenu yote. Swichi niliigeuza upande wa umeme, plagi niliisukuma kwa goti, fyuzi nilizitazama nazo zikanitazama. Fundi wenu akaniuliza kwa simu kama fazi zote tatu, yaani nyaya tatu za moto za umeme, zinafika. Nilimjibu kwa fahari kwamba uwanjani zinafika zote tatu: mbili zinaingia kwenye mtambo, na waya wa tatu nimeuchomoa nikampelekea Mama Rukiyo, mwenye kibanda cha chai, kwa ajili ya friji yake ya soda. Fundi alianza kusema, "Huo waya wa tatu ndio...", nadhani kwa kuguswa na ukarimu wetu, kisha simu ikakatika.

3. Mtambo ni mchoyo. Ndugu Mkurugenzi, huku kwetu hakuna mtu mwenye akili anayekamua chuchu zote nne za ngamia. Mbili zako, mbili za ndama. Ngamia huukubali mpango huo maisha yake yote, na sijawahi kumwona akiwasha taa nyekundu. Iweje chuma kilichotoka ng'ambo kidai fazi zote tatu, soda za mama wa watu zichemke?

4. Mtambo haufundishiki. Ngamia akigoma kutoa maziwa, husogezewa ndama amnuse. Basi niliisukuma friji ya Mama Rukiyo hadi ubavuni mwa lori, mtambo ujionee anayefaidika. Siku hiyo uliguna kwa muda mrefu kidogo kabla ya kujizima, na wapakiaji wote ni mashahidi. Kwa hiyo moyo upo. Kinachokosekana ni malezi.

Kwa sababu hizo ninaomba, kwa unyenyekevu usio na mjadala, muuondoe mtambo huu na kutuletea mwingine unaoridhika na fazi mbili. Aidha, wahandisi wenu wapelekwe Sangailu, wakae na wafugaji msimu mzima kabla ya kuruhusiwa kushika bisibisi tena. Mwisho, mmwandikie Hajia Abshiro kwamba maziwa yake yaliharibiwa na tabia mbaya, wala si na Bishar.

Nisalimie wahandisi, walinzi wa lango, na yule fundi wa simu, ambaye bado ninamsubiri amalizie sentensi yake.

Wako katika joto,

Bishar Kulow,
Msimamizi.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Mama Rukiyo amesafiri kwenda Bura kwenye harusi, na friji yake ameifungia kibandani. Nikaurudisha ule waya wa tatu kwenye mtambo, usije ukalala bure. Tangu hapo mtambo haujajizima, na Hajia Abshiro amelalamika kwamba maziwa ni baridi hadi yanamuuma meno. Ni wazi mtambo umepata habari za barua hii, ukatubu. Msiuondoe. Ila Mama Rukiyo anarudi Jumamosi, naye ni mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima siwezi hata kumtazama usoni, seuze kumnyima fazi. Naomba mtume mhandisi aje amweleze yeye. Aje na soda zake mwenyewe, za baridi.