Wahome Alala Kitandani mwa Lodi

Hakuna mtu duniani aliyewahi kushindana na nafsi yake kwa ukali kama Wahome wa mtaa wa Skuta, tena kwa Kiingereza, tena akilipia kila dakika!

Ilikuwa mwaka wa 1999. Mji wa Nyeri ulikuwa umepata saiba, chumba chenye kompyuta chache nyuma ya duka la viatu, na Wahome, muuzaji wa dawa za kupe, akajitawaza balozi wa intaneti wa Mlima Kenya mzima. Kuiwasha kompyuta hakujua. Lakini mdomo alikuwa nao!

"Nyinyi bado mnazungusha simu kama kinu," aliwaambia wateja wake. "Mimi niko na dunia yote hapa kwa kidole!"

Siku moja kidole hicho kiliangukia mnada wa vyumba vya hoteli. Wala si hoteli ya chapati na madondo! Ilikuwa Hoteli ya Braxby, Nairobi, jumba la mawe la enzi za mkoloni. Chumba kilichonadiwa ni kile alicholala Lodi Braxby mwenyewe, bwana mkubwa wa Kiingereza aliyeijenga, na bei ya kuanzia haikufika hata ya kuku wa kienyeji.

Wahome akaandika bei yake. Skrini ikafikiri. Ikafikiri tena, maana intaneti ya siku hizo ilitembea kama kinyonga mwenye mimba. Mwishowe ikaonyesha bei ya juu kuliko zote, kwa herufi nyekundu.

"Ati kuna mtu ananifuata!" Wahome akafoka. "Warigia, umeona huyu jambazi?"

Warigia, msichana aliyesimamia saiba, akachungulia. Bei ile ilikuwa ya Wahome mwenyewe! Hapakuwa na mshindani mwingine hata mmoja. Lakini Warigia naye alikuwa na biashara ya kuendesha.

"Huyo ni mgumu, mzee," akasema. "Usimwachie."

Wahome akapandisha. Skrini ikamrudishia bei nyekundu. Akapandisha tena! Akavua koti, akalegeza tai, akamtukana adui kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza cha kuombea kazi. Mnada ulipofungwa, alikuwa amejikimbiza peke yake kutoka bei ya kuku hadi bei ya mbuzi.

"Nimemkalisha!" akapiga kelele, akiikumbatia kompyuta. "Huyo lazima alikuwa Mjerumani!"

Hata hivyo, mbuzi mmoja kwa kitanda cha lodi ni bei ya bure. Wahome akalitangazia kanisa, kinyozi na muuza magazeti. Kisha akapiga simu Kianyaga kwa mama mkwe wake, kwa sababu huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta hasa. Tangu siku ya harusi, mama huyo hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "yule wa kupe."

"Mama, wikendi hii nitalaza binti yako mahali Lodi alilala!"

"Lodi nani? Alikuwa mgonjwa?"

"Ni hoteli ya historia, mama! Watu hutoka Ulaya kuja kuiona!"

"Hata sisi akina mama wa kanisa tunakuja Nairobi na basi hiyo wikendi," mama akasema. "Kuona nyoka wa makumbusho." Akakata simu.

Ijumaa jioni Wahome na mkewe Watiri wakafika. Walipokelewa na Moffat, mhudumu mwenye koti jekundu na vifungo vya shaba vilivyong'aa kuliko maisha yake.

"Chumba ni chenu usiku," Moffat akasema kwa heshima. "Mchana ni cha historia."

Wahome akacheka kicheko cha mtu aliyeelewa. Hakuwa ameelewa kitu.

Lo, chumba! Kitanda kirefu cha kupandwa kwa ngazi! Kabati kubwa kama kiosk! Juu ya mto palikuwa na shati refu la kulalia na kofia yenye kishada, mfano wa mavazi ya Lodi. Wahome akayavaa papo hapo. Watiri akaziweka nguo zao kabatini, akamtazama, akazima taa.

Asubuhi Watiri alivaa mapema.

"Baba Muriithi, amka twende tukunywe chai."

"Lodi hakimbizwi na chai," Wahome akajibu kutoka ndani ya kofia.

Watiri akashuka peke yake. Punde Moffat akaingia, akafunga kabati kwa ufunguo, akatundika kamba nyekundu mbele ya kitanda, akatoka. Huduma hiyo! Wahome akawaza, akajigeuza upande wa pili.

Mlango ukafunguliwa tena.

"Na hapa, mabibi na mabwana," sauti ya Moffat ikanguruma, "ndipo Lodi Braxby alipougua malaria!"

Wahome akafungua jicho moja. Nyuma ya kamba palijaa watu. Kamera ikamulika. Mwanamke mmoja akauliza, "Na huyu kwa kitanda ni nani?"

Moffat hakuwa mtu wa kukosa jibu. "Huyo ni mtumishi wa Lodi. Kazi yake ilikuwa kupasha kitanda joto."

"Mtumishi?" Wahome akaruka, akasimama juu ya kitanda, shati likimfika magotini kwa shida. "Mimi ni mgeni! Hii room nimeshinda kwa mnada! Nimepiga Mjerumani!"

Ndipo akaviona vitambaa vya buluu vya akina mama wa kanisa la Kianyaga. Na mbele yao wote, mkoba mkononi, mama mkwe wake!

Miguu ya mkwe, mbele ya mama mkwe! Mama akageuka upesi, akampa mgongo, akalikabili kabati.

"Wewe kabati," akasema kwa ukali, "ambia huyo mtu avae suruali."

"Kabati," Wahome akajibu, sasa amejitosa chini ya blanketi, "ambia mama suruali iko ndani yako."

"Kabati halifunguliwi hadi jioni," Moffat akasema. "Ni kitu ya kale."

Kisha mwanamke yule aliyeuliza mwanzo akanyoosha kidole.

"Lakini Mama Watiri, si huyu ndiye mkwe wako wa intaneti?"

Mama akashika mkoba wake vizuri, akaelekea mlangoni bila kugeuza shingo.

"Mkwe wangu amelala kwa hoteli. Huyu ni wa maonyesho. Twendeni tuone nyoka."